Sato wa Mgeni Rasmi

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kulificha hilo. Wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana vitambi na watoto wao, wakikutana nami sokoni Musoma huweka mikono nyuma kabla ya kunisalimia. Nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu, nikajenga nyumba yangu ndogo Kamunyonge, nikajiapiza kwamba sitakaa tena kwenye kamati yoyote ya binadamu. Kiapo hicho nilikivunja kwa ajili ya kisiwa, na kwa ajili ya shangazi yangu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kipo upande wa Kiriba, mbele ya kijiji alichozaliwa baba yangu, na mtu mwenye mikono mizuri akikizunguka kwa kasia anarudi alipoanzia kabla maharage hayajaiva. Upande mmoja ni mawe makubwa yaliyopandana, na mikuyu imejishikiza katikati yake. Hapo wanalala wale ndege weusi wa ziwani tunaowaita mnandi, na wameyapaka mawe chokaa kwa vinyesi vyao tangu sijazaliwa. Upande wa pili, unaotazama kijijini, kuna ghuba ndogo ya matete. Ukikaa kimya pale asubuhi unaweza kumwona fisi maji akitafuna kaa wake, hana habari na wewe. Lakini mali ya ile ghuba iko chini ya maji. Ni mazalia ya sato.

Hilo nilifundishwa na shangazi, dada mkubwa wa baba. Aliolewa kwenye ukoo uliokuwa ukilima mihogo na kuvua pale kisiwani, na mumewe alipofariki, kisiwa kikabaki mikononi mwake, jina lake likaandikwa ofisi ya kijiji. Nikiwa na kama miaka saba alinipeleka na mtumbwi mpaka kwenye matete, akanikalisha, akaninyooshea kidole kwenye maji. Sato jike alikuwa ameganda pale chini, mashavu yamemvimba. Shangazi akapiga maji kidogo kwa kasia, na watoto wa samaki waliokuwa wakielea mbele ya mama yao wakakimbilia ndani ya mdomo wake, wote, kama watoto wa shule mvua ikianza.

"Huyu hali chakula," shangazi aliniambia. "Mpaka watoto wajue kujitafutia, huyu anashindaga njaa."

Miaka yote ya ualimu nimewasimulia watoto wa watu habari hiyo. Sikujua kwamba nitakuja kuisimulia nikiwa na kipaza sauti, na sahani ikinisubiri.

Mambo yalianza pale mtu mmoja wa mbali alipokiona kisiwa na kukitamani. Alitaka kuweka kambi ya dagaa. Angeyang'oa matete apate pa kuegeshea mitumbwi, na mikuyu angeikata kwa ajili ya kuni na vibanda. Watoto wa kiume wa shangazi, watatu, walifurahi kuliko siku waliyobatizwa. Mkubwa wao, binamu yangu, alinijia hadi Kamunyonge kunieleza, akiwa amevaa shati la kanisani.

"Dada, kisiwa hakiliwi," alisema. "Tumekitazama maisha yetu yote. Mtu anataka kutupa hela ya kitu cha kutazama."

Nilipanda gari siku hiyohiyo kwenda kwa shangazi. Nilimkuta anasikiliza redio yake, amekasirika, kwa sababu hata yeye ana hasira, nadhani ndiko nilikotoa zangu. Alisema yeye kisiwa hataki kiguswe. Lakini pia alisema yeye si malaika, nyumba yake inavuja, na wanawe wanadai haki yao.

"Mwanangu, nikiwanyima hela hawa watoto, nani atanizika?" aliniuliza. "Leteni nyie za kwenu. Mwisho wa mwezi wa nane zikifika, naweka dole gumba, kisiwa kinakuwa cha kijiji, mtu hakati hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Zisipofika msinilaumu. Mimi nitakuwa nimewasubiri."

Hivyo ndivyo kamati ilivyozaliwa. Tulikuwa saba. Mwenyekiti alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mzuri, mwenye kucheka sana. Mimi nilichaguliwa katibu kwa kosa la kuwa na kalamu. Serikali ya kijiji ilikubali kwamba tukiilipa familia fidia, mkutano mkuu utakitenga kisiwa kuwa hifadhi. Wavuvi nao walikubali, kwa kunyoosha mikono, kuiacha ghuba ipumzike miezi yote ya mchango. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikidhani sehemu ngumu imekwisha.

Tukaanza kuzunguka. Tulikwenda Kisorya, tukazungumza na watu waliokuwa wakisubiri kivuko cha Ukerewe, maana mtu anayesubiri kivuko hana pa kukimbilia. Walitusikiliza kwa adabu, kivuko kikafika, wakaondoka. Tulikwenda Butiama, mzee mmoja akatupa beberu, akaomba atajwe. Tulikwenda vijiji vya Bunda wakulima walipokuwa wameshauza pamba, nikasimama baada ya ibada nikawaeleza habari ya sato na mdomo wake. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, hivi nilivyoambiwa, akasimama.

"Mwalimu, umesema vizuri," alisema. "Sisi tunachangaga. Mtu akifiwa tunachanga. Akiozesha tunachanga. Mtoto akifaulu sekondari tunachanga. Sasa hicho kisiwa, mimi nikifiwa, kitakuja?"

Kanisa zima lilicheka. Nilikuwa na jibu refu, lenye mvua na mazingira na vizazi vijavyo ndani yake, na nilipolitafuta mdomoni sikulikuta. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Mimi mwenyewe sijawahi kumchangia mtu bila kukumbuka kama alinichangia. Mume wangu alipofariki, nilijua kwa macho nani amekuja na nani hakuja, na ninajua mpaka leo. Kisiwa hakijawahi kumfariji mtu kwenye msiba. Hakijawahi kuleta hata kilo ya sukari.

Tukiwa njiani kurudi Musoma, Mwenyekiti alikuwa bado anacheka.

"Mwalimu, yule mzee ametufundisha kazi," alisema. "Watu wetu hawachangii kitu kisichowaalika. Tukiozeshe hiki kisiwa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wiki iliyofuata kadi zilichapishwa, za mtu mmoja na za wawili, zenye maua pembeni kama kadi ya harusi yoyote. Tukafungua grupu la simu. Tukatafuta emsii, muziki, maturubai na viti vya kuvalishwa vitambaa. Na ajabu, watu wakaanza kuchanga. Wale waliokuwa wakinikimbia sokoni sasa walinipigia wenyewe kuuliza kama kadi zipo na kama kutakuwa na sare. Sare ilikuwepo. Vikao vitatu vizima vilijadili rangi ya kitenge, na katika kikao cha tatu wajumbe wawili walinuniana hadi wakaacha kusalimiana. Kisiwa kilikuwa kwenye ajenda ya mwisho kila mara, na tukikifikia watu walikuwa wameshashika funguo na mikoba yao.

Nililalamika. Naomba ieleweke kwamba nililalamika. Niliwaambia kila kitenge tunachonunua ni hatua moja tunarudi nyuma. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba tusipowalisha watu mwaka huu, tusiwaombe chochote mwaka ujao. Wote wakakubaliana naye. Mimi nikaandika mihtasari.

Mgeni rasmi alipatikana kwa shida na kwa kupigiwa simu nyingi. Alikuwa mtu mkubwa mwenye asili ya huku, anayeishi mbali, na aliyesemekana kuwa na roho ya kutoa. Tulipanga kuwapa watu mbuzi, yule beberu wa Butiama akiwa wa kwanza. Siku tatu kabla ya sherehe, msaidizi wa mgeni rasmi akanipigia. Alisema mkuu wake hatumii nyama nyekundu. Akauliza kama kwetu kuna sato.

Kuuliza watu wa ziwani kama wana sato ni kama kumuuliza padri kama ana rozari. Nilijibu kwa sauti ya juu kwamba tunao, na hapo kichwa kikaanza kuniuma. Kwetu mgeni wa heshima hapewi kipande cha samaki. Anapewa samaki mzima, kichwa kwa mkia, na ikiwezekana mkia uchungulie nje ya sahani. Ukimpa kipande atajiuliza nusu nyingine umempa nani. Na ukishampa mmoja wa meza kuu, lazima uwape wote wa meza kuu, na ukiwapa wa meza kuu, wale waliochangia kadi za wawili wana macho. Nilihesabu vichwa, nikampigia mjumbe wetu aliyekuwa mvuvi, mtu mpole ambaye hakuwahi kubishana na yeyote kwenye vikao.

"Mwalimu, wiki hii ziwa halina kitu," aliniambia. "Hata mwaloni mitumbwi inateremsha vidogo vidogo tu, vya kiganja."

"Sijakuuliza ziwa lina nini," nilisema. "Nataka sato wakubwa, wa asubuhi hiyohiyo, mzima kwa kila mgeni. Usiniaibishe."

"Wakubwa wapo," akasema. "Ila..."

"Ila hakuna," nilimkatiza, na nikakata simu.

Nimeirudia simu ile mara nyingi kichwani. Mimi ni mwalimu ambaye hakupokea jibu la hesabu bila kuonyeshwa njia. Mtoto akiniandikia jibu sahihi bila njia, nilimpa sifuri na kumrudisha kiti chake. Siku ile nilipewa jibu, nikalipokea, wala sikuuliza njia.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa shule ya kijiji, kisiwa kikiwa mbele yetu kabisa, kimekaa kwenye maji kama bwana harusi asiyejua ameletwa kufanya nini. Nilifika mapema, nimevaa kitenge nilichokipinga. Watu walianza kuja kutoka Musoma, Bunda na Butiama, wengine kwa magari ya kukodi, wakipiga picha na kisiwa kikiwa nyuma yao. Kwaya ilikuwa inajaribu vipaza sauti. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba jambo linaweza kuwezekana.

Kisha mama mmoja wa jikoni akaja kunivuta mkono. "Mwalimu, njoo uone," alisema.

Jikoni kulikuwa nyuma ya madarasa. Kina mama walikuwa wakipaa samaki kwenye mabeseni, na walikuwa wamenyamaza, jambo ambalo si la kawaida kwa wapishi wa sherehe. Sato walikuwa wakubwa kweli, wanene, wa asubuhi hiyo. Shangazi alikuwa ameketi hapo kwenye kigoda. Alikuwa ameletwa na pikipiki, na badala ya kwenda kukaa kwenye kiti chake chenye kitambaa, alikwenda kusalimia wapishi kama wafanyavyo wazee wote wa kike. Mama yule alimshika sato mmoja mashavuni, akamminya kidogo, akamwinamisha juu ya beseni. Watoto wakamwagika kutoka mdomoni. Walikuwa wadogo kuliko punje ya mtama, wana macho meusi na tumbo la njano, na wachache walikuwa bado wanajitikisa. Chini ya beseni walikuwa wamejaa wenzao.

Sikuhitaji kuuliza wametoka wapi. Nilimtafuta mjumbe wetu mvuvi, nikamkuta anapanga kuni.

"Mmevua ghubani," nilisema.

"Jana jioni na leo alfajiri," alisema. Hakuficha. "Nilitaka kukuambia kwenye simu, Mwalimu. Ukasema ila hakuna."

"Mlinyoosha mikono! Mlikubali wenyewe kuiacha!"

"Tulikubali. Lakini tulikaa, tukajadiliana, tukaona sherehe ni ya kisiwa. Watu wote wamechanga. Tukaona nacho kichangie."

Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa, akinitazama usoni. Ningeweza kumzaba kofi kama angekuwa mwizi. Nilirudi jikoni. Shangazi alikuwa ameingiza vidole vyake kwenye lile beseni, anayageuza maji polepole. Akavitoa, akavifuta kwenye khanga yake.

"Mwanangu," alisema, "mmekila kabla hamjakinunua."

Hakupandisha sauti. Aliomba aitiwe pikipiki yake. Nilimwambia asubiri chakula, nikamwambia kuna mbuzi, nikamwambia upuuzi mwingi. Aliniacha nimalize. Kisha akapanda pikipiki kwa upande, kama wanavyopanda wazee, mkoba wake kifuani, akaondoka bila kuonja kitu.

Mgeni rasmi alifika saa kumi, watu wakiwa wamekaa chini ya maturubai tangu saa nne. Ngoma zikapigwa, akavishwa shada. Emsii akaniita: katibu wetu, mwalimu wetu, mama wa kisiwa. Nikasimama. Hotuba nilikuwa nayo moja tu. Niliitoa Kisorya, nikaitoa Butiama, nikaitoa Bunda, na mwili wangu ulikuwa umeshaizoea kiasi kwamba nilipofungua mdomo ilitoka yenyewe. Niliwaeleza habari ya sato jike anayebeba watoto wake mdomoni, anayekaa na njaa mpaka wajue kujitafutia. Niliwaeleza huku harufu ya samaki wa kukaanga ikitujia kutoka nyuma ya madarasa. Kina mama walipiga vigelegele. Mgeni rasmi alitoa leso akafuta jicho.

Ningeweza kusema ukweli pale. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Lakini nilimwona Mwenyekiti anatabasamu, nikaona watu waliotoka mbali, nikaona kitakachotokea kwa mchango, nikasema asanteni kwa kunisikiliza.

Sahani zikaja. Sato mzima kwa kila mmoja wetu, mkia nje. Mgeni rasmi alikula kwa mikono, kwa furaha ya mtu aliyekumbuka kwao.

"Mwalimu, huyu samaki ni wa wapi?" aliniuliza. "Sisi kule hatupatagi kitu kama hiki."

"Wa hapahapa," nilisema.

Macho yote ya uwanjani yalikuwa kwenye meza kuu. Katibu akikataa kula mbele ya mgeni wake, ni matusi. Basi nikaosha mikono.

Baadaye ziliitwa ahadi. Emsii alikuwa fundi. Kila aliyetaja alichoahidi alipigiwa muziki, akacheza mpaka mbele, akapigwa picha. Mgeni rasmi alitaja ahadi kubwa mpaka viti vikaanguka kwa watu kusimama. Mwenyekiti alinikumbatia. Jua lilipokuwa linazama watu walipanda magari yao wakiimba, na uwanja ukabaki na mifupa.

Ahadi za harusi wote tunazijua. Ya harusi isipolipwa, angalau maharusi wameshaoana. Nilianza kupiga simu Jumatatu. Wengine walilipa mara moja, tena wengi wao wale wanyonge: mama muuza nyanya, dereva wa pikipiki, na yule mzee wa Bunda aliyeuliza swali, ambaye alituma zaidi ya alichoahidi na ujumbe kwamba chakula kilikuwa kizuri. Wenye ahadi kubwa walikuwa kikaoni. Wiki nzima walikuwa kikaoni. Msaidizi wa mgeni rasmi alinijibu kwa heshima kubwa mara tatu, kisha simu ikawa haipatikani. Nilimwandikia ujumbe mrefu wenye hasira, nikaufuta, nikaandika mfupi wenye unyenyekevu. Huo ndio unaoniuma zaidi, ule mfupi.

Mwisho wa mwezi wa nane tulikwenda kijijini na tulichokuwa nacho. Maturubai, muziki, kadi na vitenge vilikuwa vimeshakula sehemu yao. Binamu yangu alitupokea vizuri. Alikuwa na shati lilelile la kanisani.

"Dada, mmeleta nusu," alisema. "Sisi hatuna roho mbaya. Basi chukueni nusu."

Ofisini kwa mtendaji walichora mstari katikati ya kisiwa. Binamu zangu walichagua ghuba, kwa sababu ndiyo aliyoitaka yule mtu wao. Kijiji kikapewa mawe. Shangazi alikuwepo. Nilitaka anitazame, asinitazame. Aliulizwa kama ameelewa, akasema ameelewa, akachovya dole gumba kwenye wino mara mbili, mara moja kwa kila nusu.

Mwenyekiti alisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Kwenye grupu watu walipongezana kwa maua na mikono ya maombi. Bango la chuma lilitengenezwa Musoma, likapandwa juu ya mawe, likisema ni marufuku kukata miti, kuvua wala kuwinda. Linasomeka vizuri kutoka kwenye kambi ya dagaa. Matete yaliisha ndani ya siku chache tu, watu wa kambi wakayachoma hapohapo. Mnandi bado wapo, na bango sasa nalo wamelipaka chokaa. Hakuna sato anayezaa kwenye mawe.

Sikwenda kwa shangazi kwa muda mrefu. Nilijidanganya kwamba nimemkasirikia yeye, kwa kuweka dole gumba mara mbili. Nilikuwa nimewakasirikia watu wengi: Mwenyekiti, mgeni rasmi, binamu zangu, watu wa vitenge. Nilimkasirikia hata yule mvuvi mpole, ambaye sasa anapitisha nyavu zake mbali sana na kurudi na vya kiganja. Hasira zangu zilizunguka kila mahali na kila jioni zilirudi kulala kwangu.

Nilikwenda mwezi uliopita. Nyumba yake ina bati jipya, godoro pia ni jipya, bado lina nailoni. Alinipikia ugali na mlenda, tukala bila kuongea sana. Redio ilikuwa inaongea kwa niaba yetu. Alipomaliza kunawa alikaa akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya pikipiki.

"Siku ile ya sherehe," alisema, "nilipoondoka, wewe ulikula?"

"Nilikula, shangazi."

"Mzima?"

"Mzima."

Akazima redio. "Alikuwa mtamu?"

Nilitafuta uongo, hata mdogo tu, wa kumpa mzee. Niliutafuta kama nilivyolitafuta lile jibu kule Bunda, na sikuupata.

"Alikuwa mtamu sana," nilisema.

Shangazi akatikisa kichwa taratibu, akaanza kukusanya vyombo.

"Ndiyo," alisema. "Wa pale walikuwaga watamu."